Kuambukiza, Kuambukizwa, Kuambukizana: Maradhi na Maneno Yake katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi



Kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, kandokando ya ziwa, ipo kata ya Butimba. Wengi wenu mnaijua kwa Chuo chake cha Ualimu, ambacho kwa miaka mingi kimewaandaa walimu wa muziki, wa sanaa za ufundi na wa michezo. Tangu mwaka 2023 Butimba imepata sifa nyingine: ndipo kilipo chanzo kipya cha maji ya jiji, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, kisha husukumwa hadi majumbani. Katika mwambao huo huo kina mama hufua, watoto huogelea, na wavuvi huingia majini hadi kiunoni kusukuma mitumbwi yao.

Mwulize mpita njia yeyote: maji ya ziwa yana kasoro gani? Atakujibu kwamba ni machafu. Mwulize afanyeje ili yasimdhuru, naye atasema ayachemshe. Jibu la kwanza halitoshi, na la pili ni la kweli kwa baadhi ya maradhi tu. Kipindupindu huingia kwa kinywa, na kuchemsha maji ya kunywa humkinga mtu. Kichocho huingia kwa ngozi. Mtu aweza kuchemsha kila tone analokunywa, na bado akakipata kwa kusimama majini akifua nguo za wanawe. Neno moja, “machafu”, limezificha njia mbili zisizofanana.

Mhadhara huu unakusudia kutetea hoja moja. Katika historia ya mwambao huu, Kiswahili kimeyataja maradhi kwa dalili zake, au kwa yule aliyeshukiwa kuyaleta. Ni mara chache kimeitaja njia yanayopita. Pale ambapo njia ilielezwa waziwazi, watu walijua la kufanya. Pale ambapo neno lilimhukumu mgonjwa, mgonjwa alijificha, na ugonjwa ukaendelea na safari yake. Hatudai kwamba maneno huponya. Tunachodai ni kwamba kinga huanza kwa sentensi, na sentensi ni kazi yetu sisi wanaisimu.

2.0 Dalili, mshukiwa na njia

Tuanze na malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 maradhi haya yaliangamiza watu wapatao robo milioni katika mwambao na visiwa vya upande wa Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alibainisha kwamba mbung'o ndiye anayeyaeneza. Mwaka 1906 Robert Koch alifika Mwanza, iliyokuwa chini ya Wajerumani, kisha akahamia visiwa vya Sese, ambako aliwapa wagonjwa dawa yenye sumu ya aseniki. Baadhi yao walipofuka. Serikali ya Uganda kwa upande wake iliwahamisha watu kutoka mwambaoni ili kuwatenga na mbung'o. Baadaye, mwaka 1922, malale ya aina nyingine yalizuka Maswa, katika nchi ya Wasukuma, na kufyeka vichaka kukawa sehemu ya mapambano.

Sasa litazameni jina lenyewe. “Malale” linatokana na kitenzi “lala”, nalo linataja dalili ya hatua ya mwisho, wakati mgonjwa amekwisha kuelemewa. Mbung'o hamo katika neno, kichaka hamo, wala homa ya mwanzo, ambayo ndiyo wakati mzuri wa kutafuta tiba, haimo. Vivyo hivyo “kipindupindu” lina uhusiano na kitenzi “pindua”. Linatuonyesha mwili unavyogeuzwageuzwa na ugonjwa, si kinyesi kilichoingia kisimani. “Homa ya manjano” hutaja rangi, na “kifua kikuu” hutaja mahali.

Kundi la pili la majina hutaja mshukiwa. Huko Unguja, daktari James Christie, aliyechapisha mwaka 1876 kitabu chake juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, aliandika pia habari za homa ambayo wenyeji waliiita kidingapepo. Anayelaumiwa ni pepo. Leo neno hilo husikika kama “kidingapopo”. Pepo amegeuka popo, na mbu, aliye mwenezi hasa, bado hajatajwa. Karibu zaidi na Mwanza, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baadhi ya watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyouzwa na wachuuzi kutoka Uganda. Mshukiwa alikuwa mgeni na bidhaa yake. Kosa hilo lilikuwa na chembe ya ukweli, kwa sababu ugonjwa ulisafiri kweli kwa njia za biashara. Lakini mtu aliyeamini kwamba hatari imo katika shati alijiona salama kwa kutolivaa.

3.0 Kichocho na sarufi ya maambukizi

Tugeukie sasa kitenzi ambacho hakuna bango la afya linaloweza kukikwepa: “ambukiza”. Kwa mwanasarufi, kitenzi hiki ni hazina. Tunasema, “Juma amemwambukiza Asha.” Tunasema, “Asha ameambukizwa,” na mtenda anatoweka. Tunasema, “Wameambukizana,” na kila mmoja anakuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Katika sentensi hizi zote, kinachodokezwa ni mtu na mtu. Kwa surua au kifua kikuu, picha hiyo inafaa, maana ugonjwa hutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa njia ya hewa. Kwa kichocho, picha hiyo inapotosha.

Kichocho hakitoki kwa mtu moja kwa moja hadi kwa mwenziwe. Mayai ya minyoo hutoka mwilini kwa kinyesi au mkojo na kuangukia majini. Yakianguliwa, vijidudu vyake humwingia konokono. Ndani ya konokono huongezeka mara nyingi, kisha hutoka vijidudu vingine vyenye mkia, ambavyo hutoboa ngozi ya mtu aliyemo majini. Kwa hiyo sentensi ya kweli ni ndefu: mtu huyachafua maji, maji humpa konokono, konokono huyarudishia maji, na maji humpa mtu. “Ambukizana” inavifuta viungo viwili vya kati, navyo ndivyo vinavyoweza kukatwa.

Yapo madhara mengine yatokanayo na jina kubeba dalili moja. Kwa watu wengi, kichocho maana yake ni kukojoa damu. Hiyo ni kweli kwa kichocho cha mkojo, kinachoenezwa na konokono wa madimbwi na majaruba ya mpunga huko bara. Lakini katika mwambao wa ziwa lenyewe, kuanzia Butimba hadi visiwani, kinachotawala ni kichocho cha matumbo. Mgonjwa wake hakojoi damu. Huharisha, huumwa tumbo, na baada ya miaka ini na wengu huweza kuvimba, tumbo likajaa maji, na hatimaye akatapika damu. Mvuvi wa namna hiyo akiulizwa kama ana kichocho atakana kwa dhati, kwa kuwa mkojo wake ni safi. Tumbo linapovimba, ndugu zake huenda wakamtafuta mchawi. Hapa jina halikukosa tu kumsaidia, limemzuia asijitambue.

Je, lugha yetu haina uwezo wa kueleza safari hiyo ndefu? Inao, na umewahi kutumika. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadiliana, kisha wakatenda. Maradhi yaliyochaguliwa yalikuwa malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu.

Kwa maoni yangu, siri ya kampeni ile haikuwa redio pekee. Ilikuwa ni mpango wa maelezo: ugonjwa huu hupita wapi, na sisi katika kijiji hiki tutauzibia wapi? Mjadala uliishia katika kitenzi cha kutenda: chimba, fukia, funika, fyeka. Msikilizaji hakubaki kuwa mtendwa wa “kuambukizwa”; alirudishiwa nafasi ya kiima. Hata hivyo, tusiitukuze kupita kiasi. Choo kilichochimbwa kijijini hakimfuati mvuvi kambini, na kambi ziliongezeka sana kuanzia miaka ya 1980, biashara ya sangara iliposhamiri. Kichocho kipo hadi leo. Dawa ya prazikwanteli wanayogawiwa watoto shuleni huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimzuii mtoto kuipata upya akirudi majini jioni ile ile.

4.0 Neno lililohukumu

Mfano wa pili unatoka Mwanza vilevile, na ndio unaonigusa zaidi. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika mkoani humo utafiti ambao matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalisomwa duniani kote. Jumuiya 12 za vijijini, zikiwamo za mwambaoni na za visiwani, ziligawanywa katika jozi sita. Katika jumuiya moja ya kila jozi, watumishi wa vituo vya afya vya kawaida walipewa mafunzo ya kutibu magonjwa kama kisonono na kaswende, dawa zikapelekwa bila kukatika, na wanakijiji wakahimizwa kwenda kutibiwa mapema. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalikuwa asilimia 1.2 katika jumuiya hizo, na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Yaani yalipungua kwa takribani asilimia 40. Sababu yake yaeleweka: vidonda na uvimbe wa magonjwa hayo huvifungulia virusi mlango. Ni haki kuongeza kwamba utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 1999, ulitumia njia tofauti, ya kuwatibu watu wote kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa, nao haukuonyesha upungufu kama huo.

Magonjwa hayo tunayaitaje? “Magonjwa ya zinaa.” Zinaa, kwa kila Mswahili, awe Mwislamu au Mkristo, ni dhambi: ni tendo la wasiooana. Sasa mfikirie mama aliyeolewa, asiyemjua mwanamume mwingine, aliyeletewa kaswende na mumewe. Anasimama mbele ya mhudumu wa zahanati, katika kijiji ambamo wote wanajuana, na kinachomngoja ni neno linalosema kwamba amezini. Mafanikio ya Mwanza yalitegemea jambo moja dogo: mgonjwa kuingia mlangoni kwa miguu yake. Neno la aina hiyo ni kizuizi kilichowekwa kwenye mlango huo huo.

Wataalamu wa afya hawakukaa kimya. Tulipata “magonjwa ya ngono”, kisha “magonjwa yatokanayo na kujamiiana”. Istilahi hii ya mwisho ni ndefu na haina ladha, lakini ina sifa ambayo “malale”, “kipindupindu” na “Juliana” havina: inataja njia, bila kumtaja mkosaji. Pamoja na hayo, “zinaa” lingali likitumika katika mabango na hata katika vitabu, kwa sababu ni fupi na limezoeleka. “Ukimwi” lenyewe, ufupisho wa Upungufu wa Kinga Mwilini, lilibuniwa bila hukumu. Lakini mitaani watu walisema fulani “amekanyaga miwaya”, kana kwamba ni ajali iliyomkuta yeye tu, isiyotuhusu sisi tuliobaki.

5.0 Hitimisho

Nimezungumza na wanafunzi wa lugha, kwa hiyo nimalizie kwa kazi. Kwanza, tutofautishe “kusababisha” na “kueneza”. Mwanafunzi anayeandika kwamba malaria husababishwa na mbu amemchanganya mwenezi na kimelea, na mara nyingi ni sisi walimu tuliomfundisha hivyo. Pili, tunapobuni istilahi, kama ilivyobuniwa UVIKO-19 juzijuzi, tujiulize si tu kama inafuata kanuni za uundaji wa maneno, bali pia inamwambia nini mtu mwenye homa saa nane za usiku. Tatu, tuyakusanye majina ya maradhi ya Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya kabla wazee hawajatutoka. Huenda baadhi yake yanataja njia ambazo Kiswahili kimezisahau.

Butimba sasa ina bomba lenye nguvu. Maji yake yanaifunga njia ya kinywa kwa kila nyumba inayoyapata, na yanampunguzia mama safari ya kwenda kufua ziwani. Njia ya ngozi bado iko wazi kwa mvuvi na kwa mtoto anayeogelea, na itabaki wazi maadamu tunawaambia tu kwamba maji ni machafu. Tuwaambie yanapita wapi.