Ubongo unaongoja: kutoka Bristol hadi Naivasha

Leo tuweke programu kando kidogo, tuongee historia.

Programu nyingi ninazoandika hapa Nakuru zina kazi ya kungoja: ishara ya kwanza ikifika, zinajiandaa kwa ya pili. Je, ubongo nao hufanya hivyo? Ndiyo, na mwaka 1964 jambo hilo lilitangazwa kwa vipimo.

Aliyepima ni Grey Walter wa Bristol, Uingereza, yule yule aliyeunda roboti zenye umbo la kobe miaka ya 1940. Alibandika nyaya kichwani mwa watu, akawasikilizisha mlio. Sekunde moja baadaye taa zilimweka, nao walizizima kwa kubonyeza kitufe. Baada ya kurudia mara nyingi, umeme wa ubongo ulianza kupanda polepole mara tu mlio uliposikika, kabla taa hazijawaka. Taa zilipoacha kuwaka, wimbi hilo likafifia. Kumbe kumbukumbu ndiyo inayotuandaa kwa jambo lijalo!

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu hapa kwetu tuliwahi kuambiwa ubongo wetu haujui kujiandaa. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia kupanga mambo. Alimfananisha na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake.

Mwaka huohuo, usiku wa Machi 26, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Walichukua silaha na kufungulia wafungwa zaidi ya 150. Usiku ule ule watu wengi waliuawa Lari, kwa hiyo sisemi tushangilie. Nasema tu kwamba Naivasha ilihitaji watu wengi kukumbuka mpango mmoja na kungoja wakati mmoja.

Serikali ilifanya nini? Ilimwita Carothers, naye mwaka 1954 akaiandikia ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau!

Wenzangu wa programu, tunajua: data mbovu ikiingia, jibu bovu hutoka, hata likipigwa mhuri wa serikali. Ukitaka kujua kama ubongo unajua kungoja, pima. Usianze na rangi ya ngozi.

Wewe unaonaje?