Kaluvu ya Machakos na Wiski ya Campbeltown

Sir William Mackinnon, ambaye kampuni yake ya Imperial British East Africa ilijenga ngome Machakos mwaka 1889, alizaliwa Campbeltown, bandari ndogo ya magharibi ya Uskoti iliyosifika katika karne ile kwa wingi wa viwanda vyake vya wiski. Na kimojawapo, Springbank, kilichoasisiwa mwaka 1828, kinafanya kazi hata leo. Huko shayiri hulowekwa hata ichipue, kisha hukaushwa, na kwa muda wa saa sita hivi hupitishiwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, uliochimbwa na kuanikwa ukawa kuni. Aionjaye wiski hiyo hupata kwanza utamu wa nafaka, halafu kama chumvi ya bahari, na moshi mwepesi humjia mwisho, wakati ameshameza.

Lakini wiski ilipopanda bara ilifika ikiwa na mwenyewe. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikusudia kuwazuilia wenyeji vileo vikali katika nchi za Afrika zilizo baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya Ikweta, na Machakos, nchi ya Wakamba, ikawa ndani ya mpaka huo. Mzungu akaachiwa chupa zake, na Mkamba akahesabiwa kuwa mtu asiyeaminika mbele ya bilauri. Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa dhuluma, kwa kuwa ilitolewa juu ya watu waliokuwa na sheria yao ya kunywa, tena kali kuliko ya mabwana wale.

Kwa desturi ya Wakamba, kaluvu, pombe yao ya asili, ilikuwa haki ya wazee, na kijana aliyejipenyeza katika baraza lao, thome, kutaka sehemu yake alijitafutia aibu. Hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na uhai wake hutoka katika miatine, matunda marefu ya mwegea, ambayo hupasuliwa, huchemshwa na kukaushwa hata yabaki nyuzinyuzi, ndipo yatiwe ndani ya kibuyu kilichowekwa karibu na jiko kipate joto. Matunda hayo hayatupwi: huanikwa tena na kuhifadhiwa kwa pombe ijayo, kwani chachu imekwisha kujificha katika nyuzi zake, na mtengenezaji hodari huyatunza miatine yake kama mirathi. Ikiiva, matone humwagwa chini kwa ajili ya mizimu, aimu, na ndipo wazee huonja na kuhukumu: kama utamu wa asali umesalia mno, haijafika; kama ukali umeuzidi utamu, imepita; na ule uchungu mdogo wa tunda sharti usikike bila ya kutawala.

Uskoti ilileta Ukambani jambo jingine pia. Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow, alianzisha Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895, na misheni hiyo ikawakataza waumini wake ulevi wa kila namna; basi kibuyu kilishutumiwa na kanisa upande mmoja, na kuwekewa vibali na serikali upande wa pili.

Baada ya uhuru wa Kenya kukaja sheria ya mwaka 1980 ya kuharamisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, nayo haikuizima, bali iliifukuzia gizani. Machakos yenyewe ililipa gharama ya giza hilo mwaka 2005, watu wengi walipofariki kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Sheria ya mwaka 2010 ikaihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa ya kioo.

Masharti ya chupa yanaifaa wiski, ambayo kwa sheria ya Uskoti hukaa ndani ya pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na ikishatiwa chupani haibadiliki tena. Kaluvu haingoji. Chachu yake huendelea kufanya kazi, na ile iliyokuwa tamu jana, kesho itakuwa siki. Kwa hiyo haiwezi kuhukumiwa ila na mtu aliye hapo hapo, siku ile ile, mwenye ulimi uliofundishwa, na sijaona bado leseni iliyoandikwa kwa ajili ya kuulinda ulimi huo.