Ubaguzi Kazini Morogoro: Kutoka Kipande cha Mkonge hadi Kifungu cha 7

Ubaguzi katika ajira Morogoro ulianza ukiwa utaratibu halali. Reli ilifika mjini mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakaenea, na kazi zikagawanywa kwa rangi: Mzungu meneja, Mhindi karani au fundi, Mwafrika mkataji. Kipande cha mkataji, yaani kadi yake ya kazi, kilikuwa na nafasi 30. Kila akimaliza kazi ya siku, nafasi moja ilitiwa alama, na mshahara ulitoka kipande kikijaa, hata kama kilichukua wiki sita.

Kabila nalo lilikuwa kipimo. Wenye mashamba waliyapanga makabila kwa madaraja na kuleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mbali, hasa baada ya ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, kuanzishwa mwaka 1944. Waluguru, waliokuwa na mashamba yao milimani na chakula cha kuuza mjini, hawakuikimbilia kazi ya mkonge, wakaitwa wavivu. Hiyo ilikuwa dhuluma: aliyelima miteremko ya Uluguru kwa jembe la mkono hakustahili jina hilo.

Katika serikali ya kikoloni, tume ya mishahara ya Holmes ya 1948 iliibakiza kanuni ya kumlipa asiye Mzungu sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile, hadi tume ya Lidbury ilipopendekeza ifutwe mwaka 1954. Baada ya uhuru, Januari 1964, Rais Nyerere alitangaza kuwa raia wote watatazamwa sawa katika ajira za serikali. Miaka ya 1970 shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, Morogoro, lilikabidhiwa kwa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ikajengwa shule ya vijana waliokimbia Afrika Kusini, ambako sheria iliwatengea Wazungu kazi bora.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengineyo, uwe wa wazi au wa kificho. Unyanyasaji kwa sababu hizo ni ubaguzi pia. Mfanyakazi akionyesha dalili za awali, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa hakubagua; kipengele hiki kina uzito mkubwa, maana nyaraka za ajira huwa mikononi mwa mwajiri.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu.