Picha yenye sumu: Jinsi simu inavyodukuliwa bila mwenyewe kubonyeza chochote

MFANYABIASHARA wa mboga wa Lushoto anapotaka kumwonyesha mnunuzi wa Dar es Salaam matenga ya nyanya yaliyo tayari kupakiwa, siku hizi hahitaji kusafiri na sampuli. Hupiga picha, akaituma kwa simu, na bei hujadiliwa kabla lori halijateremka Soni kuelekea Mombo.

Hata hivyo, picha hiyo haisafiri ikiwa picha. Husafiri ikiwa tarakimu zilizobanwa ili zichukue nafasi ndogo, na simu inayoipokea hulazimika kuifungua kwa programu maalumu, kazi inayofanana na ile ya king'amuzi cha televisheni. Mara nyingi programu hiyo hufanya kazi yenyewe, hata kabla mwenye simu hajautazama ujumbe. Hapo ndipo wadukuzi walipopata mlango.

Tukio la Uganda

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni wa mwaka 2021. Novemba 23 mwaka huo, kampuni ya Apple ya Marekani iliishitaki kampuni ya NSO Group ya Israel, inayotengeneza programu ya ujasusi iitwayo Pegasus. Sambamba na kesi hiyo, Apple ilianza kuwatumia watumiaji kadhaa duniani tahadhari kwamba huenda wanalengwa na wadukuzi wanaotumwa na serikali. Miongoni mwa waliotangaza hadharani kupokea tahadhari hiyo ni Norbert Mao, kiongozi wa chama cha Democratic Party cha Uganda, ambaye mwaka 2022 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba.

Desemba 3, 2021, shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa simu za wafanyakazi wasiopungua tisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au waliokuwa wakishughulikia masuala ya nchi hiyo, zilidukuliwa kwa zana za NSO. Kampuni hiyo ilisema haikuwa na dalili kwamba zana zake zilitumika, lakini ilizuia akaunti za wateja waliohusika na kuahidi uchunguzi.

Kwa mujibu wa Reuters, simu hizo ziliingiliwa kupitia udhaifu katika programu ya kushughulikia picha ambao Apple iliuziba Septemba 13, 2021. Udhaifu huo uligunduliwa na watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walioupa jina la FORCEDENTRY. Mlengwa alitumiwa faili lenye jina la picha ya kawaida ya aina ya GIF, lakini ndani yake mlikuwa na waraka wa PDF. Hakutakiwa kulifungua wala kubonyeza chochote.

Kosa lenyewe

Kila faili la picha hubeba maelezo ya ukubwa wake. Programu huyasoma, hutenga nafasi katika kumbukumbu ya simu, kisha humimina humo yaliyomo. Ni sawa na mwenye ghala aliyeambiwa kuwa lori linaleta matenga kumi, akatenga nafasi ya kumi. Yakija ishirini na wapakuaji wakaendelea kupanga bila kuhesabu, ya ziada yatakaa juu ya mali ya mtu mwingine. Ndani ya simu, mali hiyo inaweza kuwa taarifa zinazoongoza programu yenyewe. Mdukuzi aliyeipanga ziada hiyo kwa ustadi huweza kuigeuza simu ifuate amri zake.

Katika FORCEDENTRY, kosa lilikuwa kwenye sehemu inayofungua picha za JBIG2, mtindo wa kubana kurasa za rangi nyeusi na nyeupe. Programu ilijumlisha idadi ya alama zilizomo na kuiweka katika nafasi ya biti 32, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya 4,294,967,295. Jumla ikizidi hapo, huanza tena sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Matokeo yake, nafasi ndogo ilitengwa kwa mzigo mkubwa.

Desemba 2021, wataalamu wa Project Zero wa kampuni ya Google walieleza kuwa washambuliaji walitumia amri zaidi ya 70,000 za kuchora picha hiyo kujenga kompyuta ndogo ndani ya kumbukumbu ya simu.

Android nayo haikusalimika

Julai 2015, mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alitangaza udhaifu wa Stagefright, maktaba ya Android ya kucheza video na sauti. Simu zilizokadiriwa kufikia milioni 950 zilikuwa hatarini, na katika nyingi ujumbe mmoja wa MMS ulitosha. Mwezi uliofuata Google ilianza utaratibu wa kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi. Novemba 2019, WhatsApp ilitangaza kuziba udhaifu wa kumbukumbu uliohusu faili za video za MP4. Septemba 2023 ikawa zamu ya libwebp, maktaba ya kufungua picha za WebP inayotumika katika vivinjari na programu nyingi.

Chanzo kinafanana. Programu nyingi za kufungua picha na video zimeandikwa kwa lugha za C na C++, ambazo zina kasi lakini humwachia mwandishi jukumu la kuhakikisha kuwa mzigo hauzidi nafasi. Mwaka 2019, Microsoft ilieleza kuwa takriban asilimia 70 ya udhaifu iliokuwa ikiuziba kila mwaka ulitokana na makosa ya kumbukumbu.

Kinga

Dawa ya kudumu ni kuandika programu kwa lugha zinazokagua mipaka zenyewe, kama Rust. Google imeeleza kuwa sehemu ya makosa ya kumbukumbu katika udhaifu wa Android ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, baada ya programu mpya kuanza kuandikwa kwa lugha hizo. Njia nyingine ni kuifungia programu ya kufungua picha katika chumba chake, ili ikivamiwa isifike kwingine.

Mashambulizi ya aina ya Pegasus ni ya gharama kubwa, na walengwa wake wakuu ni wanasiasa, wanahabari, wanadiplomasia na wanaharakati. Mkulima wa Mlalo au Bumbuli yuko katika hatari kubwa zaidi ya matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Lakini udhaifu ukishatangazwa hubaki wazi katika kila simu ambayo haijapokea marekebisho, na simu nyingi za zamani huacha kuyapokea kabisa huku zikiendelea kubeba akaunti za fedha za wenyewe.

Kwa mtumiaji wa kawaida, hatua za msingi ni tatu: kukubali masasisho ya simu na ya programu mara yanapotolewa, kuzima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video kutoka kwa watu asiowafahamu na, anaponunua simu, hasa iliyokwisha kutumika, kuuliza kama mtengenezaji bado anaitolea marekebisho ya usalama.