Mitungi mitatu ya maji: historia fupi ya sanduku la besi, hadi Kaikor

Leo naweka programu na seva pembeni. Si pembeni kabisa, maana hesabu zipo hapa chini, wanaozichukia wavumilie. Nataka tuzungumze juu ya sanduku. Lile la mbao lililovishwa zulia jeusi, linalokaa nyuma ya gari na kutikisa vioo. Huku kwetu Turkana wengi wanaupenda mdundo wake lakini hawalitaki lenyewe, kwa sababu moja tu: limekaa mahali pa mzigo.

Mtu wa Nairobi akipoteza nusu ya buti, atapanga upya manunuzi ya Jumamosi. Kaikor ni habari nyingine. Iko kaskazini kabisa, upande wa mipaka ya Sudan Kusini na Ethiopia, mbali na lami ya Lodwar na Kakuma. Gari linalotoka Lodwar kuja huku linabeba unga, sukari, dizeli, maji ya njiani, mgonjwa anayerudi nyumbani, pengine na mbuzi wa mtu. Kila inchi ina nauli yake.

Sasa kwa nini besi inadai nafasi? Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta hewa ileile. Bila ukuta katikati, mawimbi hayo mawili yanauana, na sauti nene ndiyo hufa kwanza. Sanduku ndilo ukuta huo. Kabla ya miaka ya 1950, mtu aliyetaka besi ya kweli nyumbani alijenga kabati la ukubwa wa jokofu. Mwaka 1954, huko Cambridge, Massachusetts, Edgar Villchur na mwanafunzi wake Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research. Wazo la Villchur lilikuwa rahisi kiasi cha kukera: funga sanduku kabisa, lifanye dogo, legeza spika, na uache hewa iliyofungwa ndani iwe ndiyo springi. Ghafla besi ikatoshea kwenye rafu ya vitabu.

Kloss aliondoka mwaka 1957 akaanzisha KLH pamoja na Malcolm Low na Anton Hofmann. Huyu Hofmann alikuwa mtoto wa mpiga piano mashuhuri Josef Hofmann, na ndiye aliyetuachia sheria ambayo mafundi wanaiita ya chuma. Kuna vitu vitatu: sanduku dogo, besi ya chini, na ulaji mdogo wa umeme. Chagua viwili. Cha tatu utakilipia.

Kwa miaka mingi hilo lilibaki jambo la kukisia kwa sikio na msumeno. Aliyeligeuza kuwa hesabu ni Neville Thiele wa Australia, katika makala yake ya mwaka 1961 ambayo dunia iliipuuza hadi ilipochapishwa tena Marekani mwaka 1971. Mwaka 1972 na 1973 Richard Small, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Sydney, akaikamilisha. Tangu hapo spika yoyote ya maana huja na karatasi ya namba, na namba hizo zinatosha kujua ukubwa wa sanduku kabla hujakata ubao hata mmoja. Kwangu mimi mwandika programu, hiyo ndiyo siku besi ilipoingia katika fani yetu.

Nchini Kenya besi ilipanda matatu. Hapa kuna jambo ambalo watu wa Turkana tunapaswa kulisema mara nyingi zaidi. Baada ya hukumu ya Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, jirani zetu hapa, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar hadi 1961. Wakoloni walipachagua kwa sababu hapafikiki kirahisi. Mtu huyohuyo, akiwa Rais mwaka 1973, ndiye aliyetoa amri iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum. Biashara ikafumuka, ushindani ukawa mkali, na muziki ukawa chambo cha abiria. Masanduku yakajazwa nyuma na chini ya viti. Kisha zikaja kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, kila abiria na kiti chake. Hakuna tena kumbana mtu wa kumi na tano kando ya sanduku. Mwaka 2009 zikaongezeka kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira.

Wakati huo viwanda navyo vilikuwa vinapunguza sanduku kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Sumitomo kule Japani na General Motors kule Marekani, kila upande kivyake, walipata sumaku ya neodimi: ndogo, nyembamba, yenye nguvu ya ajabu. Spika ikaweza kuwa bapa. Katikati ya miaka ya 1990 Bob Carver aliuza sabwufa ya Sunfire yenye umbo la dadu la takriban sentimita 28 kila upande. Watu walishangaa. Lakini alikuwa amelipa deni la Hofmann kwa njia ya wazi kabisa: aliweka ndani amplifaya ya wati zaidi ya elfu mbili. Baadaye amplifaya za daraja la D, zinazopoteza umeme kidogo kuwa joto, zikaingia kwenye magari, na leo unapata sabwufa nyembamba ya kusukumwa chini ya kiti.

Basi tatizo limekwisha? Huko lilikobuniwa, ndiyo. Huku, hebu tuone.

Mjomba wangu ana Land Cruiser pikapu ya kazi kati ya Lodwar na Kaikor. Alinipigia simu: "Mwanangu, nataka mdundo. Lakini kiti cha mbele cha abiria usikiguse. Hapo ndipo mgonjwa anapokaa." Nyuma kwenye kereya haiwezekani, vumbi lingeimaliza spika kabla ya mwezi. Nikafungua kompyuta.

Chukua sanduku la kawaida la inchi 12, lita 60. Hiyo ni mitungi mitatu ya maji ya lita 20. Sheria ya Hofmann inasema ukipunguza sanduku mara nne bila kupoteza besi ya chini, amplifaya lazima iwe na nguvu mara nne. Kwa hiyo lita 60 na wati 150 zinageuka lita 15 na wati 600. Umeokoa mitungi miwili na robo. Lakini wati 600, kwa umeme wa gari wa volti 13.8 na amplifaya inayopoteza asilimia 20, ni ampea 54 hivi unapoipiga kwa nguvu zote. Gari likiwa limezimwa, betri haichukui muda kuisha. Ukilala bila betri Westlands utamwita fundi. Ukilala bila betri ndani ya laga, mawingu yamefunga upande wa milimani na mgonjwa yuko mbele, utamwita nani?

Kuna na joto. Waya wa shaba ndani ya spika ukipanda nyuzi 100, ukinzani wake unaongezeka karibu asilimia 40, na mdundo unashuka huku umeme unaliwa. Sumaku za neodimi za bei ya chini huanza kupoteza nguvu zikifika kama nyuzi 80. Pikapu iliyoegeshwa kwenye jua la Lodwar adhuhuri inaanza safari hiyo ikiwa tayari imefika mbali.

Na wale wanaoshauri kuficha sabwufa ndani ya gurudumu la akiba, nawaheshimu, ila hawajafika Kaikor. Gurudumu la akiba huku si mahali patupu. Wengi wanabeba mawili.

Kilichotuokoa ni udogo wa kebini yenyewe. Ndani ya gari, masafa ambayo nusu ya wimbi lake ni ndefu kuliko chumba hupandishwa na chumba hicho bure. Chumba cha mita 2.8 huanza kusaidia karibu na hezi 60. Kebini ya pikapu yenye mita 1.7 huanza karibu na hezi 100. Yaani pikapu ya mzigo inaisaidia besi mapema kuliko gari refu la familia. Fundi wa Lodwar alinicheka nilipomwambia, mpaka alipoiwasha.

Nyuma ya kiti tulipata sentimita 120 kwa 40 kwa 12, baada ya jeki kuhamia sanduku la zana nje. Ukitoa unene wa ubao wa milimita 18 na spika yenyewe, zinabaki lita 33 hivi. Kwa hesabu ya Hofmann ni wati 270, ampea kama 25 kwa nguvu zote. Tuliweka spika bapa ya inchi 10 yenye sumaku ya kawaida ya feraiti, nzito lakini haiogopi jua, na swichi inayokata muziki volti za betri zikishuka chini ya 12. Hiyo swichi mjomba aliipenda kuliko spika.

Wazee walikuwa na njia nafuu zaidi, bila shaka. Kwenye ngoma ya edonga besi ni miguu ya watu ardhini, na haichukui nafasi ya mtu.

Ukitaka kupima gari lako, kwenye karatasi ya spika tafuta Vas na Qts. Qtc weka 0.707. Sanduku lililofungwa = Vas ÷ ((Qtc ÷ Qts)² − 1). Mfano: Vas lita 60 na Qts 0.5 zinatoa lita 60. Ukipata jibu hasi au kubwa mno, spika hiyo haikuumbwa kwa sanduku dogo, mrudishie muuzaji. Jibu likiwa zuri, ligawanye kwa 20 ujue ni mitungi mingapi.