Tarehe ya Nchi Isiyokuwako

Mtu asikiapo kwamba kuna watu waliojitaabisha miaka mingi kukusanya tarehe ya nchi ambayo haikupata kuwako juu ya uso wa dunia, hukaribia kucheka. Nchi yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Milima yake ilikuwa hesabu tupu, na wafalme wake walibuniwa na waandishi wa kulipwa mshahara. Walakini watu walioingia humo hawakubuniwa. Kila mmoja alikuwa mtu kamili, ameketi nyumbani kwake, na mambo waliyotendana usiku wa siku fulani yalitendeka kweli, kama yatendekavyo mambo ya sokoni au ya barazani. Kwa hiyo tarehe ya michezo hii ina pande mbili: upande wa hadithi iliyotungwa na wenye mchezo, na upande wa matendo ya wale walioucheza. Naona kwamba wahifadhi wamejitahidi sana kuuokoa upande wa kwanza, na kwamba huu wa pili, ambao kwa mwanahistoria ndio wenye thamani zaidi, umeachwa mikononi mwa bahati. Nitachukua mfano wa nchi moja, Dereth, kwa kuwa huko pande hizo mbili zilipata kugombana waziwazi.

Asili ya michezo hiyo ni ya karibu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, na Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika atakalo kufanya, na wengine waliokuwa mahali hapo wakayaona. Kutoka kwenye mbegu hiyo ndipo ilipoota michezo yenye maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Mmoja wao, Ultima Online, ulikuwa katika majaribio mwaka 1997 wakati mchezaji mmoja alipomwua mfalme wa nchi, naye mfalme huyo alikuwa akichezwa na Richard Garriott mwenyewe, mwenye kuubuni mchezo. Tukio hilo hutajwa mpaka leo. Lakini dunia ile ya majaribio ilifutwa, na ushahidi uliobaki ni picha chache pamoja na maneno ya waliokuwapo. Huo ulikuwa mwanzo wa mashaka yetu.

Dereth ilifunguliwa tarehe 2 Novemba 1999, katika mchezo wa Asheron's Call uliotengenezwa na kampuni ya Turbine ya Marekani na kutolewa na Microsoft. Ni kisiwa katika dunia iitwayo Auberean. Wanadamu walifika huko kwa kupita milango ya uchawi, nao walikuwa makabila matatu: Aluvian, Sho na Gharu'ndim. Kabila hili la mwisho lilitungwa kwa kufuata sura ya Waarabu, hata msomaji wa pwani yetu akisikia majina ya miji yake, Samsur, Zaikhal, Al-Jalima, atadhani ameyasikia mahali. Mchawi Asheron, ambaye mchezo unaitwa kwa jina lake, alikuwa mmoja katika mabaki ya watu wa kale wa nchi ile.

Jambo lililoutofautisha mchezo huu na wenzake ni kwamba waandishi wake waliongeza sura mpya ya hadithi kila mwezi. Misimu ilibadilika, maadui wapya wakatokea, barua na vitabu vikaokotwa mapangoni, na mchezaji aliyetaka kuelewa habari hizo alilazimika kuvisoma na kuviunganisha. Basi wakatokea wachezaji waliojifanya makatibu wa nchi ile, wakinakili kila hati iliyookotwa. Tusiwadharau. Aghalabu sura mpya iliifuta ile iliyotangulia: kiumbe aliyesema maneno fulani mwezi wa Machi, mwezi wa Aprili hakuwapo tena. Lisilonakiliwa kwa wakati wake lilikuwa limekwenda.

Hadithi kubwa ya mwaka wa kwanza ilihusu adui aitwaye Bael'Zharon, Muua Matumaini, aliyekuwa amefungwa tangu zama za kale kwa nguvu za fuwele kadhaa. Waandishi walikusudia fuwele hizo zivunjwe na wachezaji wenyewe, moja baada ya nyingine, hata adui atoke kifungoni. Ya mwisho ilikuwa Kigae cha Mpiga Mbiu. Hapa msomaji yafaa akumbuke kwamba mchezo haukuwa na Dereth moja. Kila seva ya kampuni ilibeba Dereth yake nzima, yenye ardhi ile ile na hadithi ile ile, lakini yenye wakazi wengine. Na mchezaji alichagua seva moja akajenga maisha yake humo. Katika seva nyingine kigae kilivunjwa, na hadithi ikaenda kama ilivyopangwa.

Katika seva iitwayo Thistledown mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 kundi la wachezaji wa huko lilikata shauri kwamba kigae hakitavunjwa. Walikwisha elewa, kwa kuzisoma hati, ni nani atakayetoka. Wakakizunguka, wakapanga zamu za ulinzi usiku na mchana, na wachezaji wenzao waliokuja kukivunja wakapigana nao na kuwafukuza. Hadithi ilikwama. Wenye mchezo walikuwa wameandika sura inayofuata, na sura hiyo haikuweza kufunguliwa katika seva moja tu kwa sababu watu wa huko walikuwa wameichukua hadithi kwa dhati kuliko waandishi walivyotazamia. Mwishowe wafanyakazi wa kampuni waliingia wenyewe, katika nafsi za viumbe wa giza wenye nguvu ambazo mchezaji hakuweza kuzipata, wakawashinda walinzi, na kigae kikavunjika. Baadaye kampuni ilisimamisha mnara wa ukumbusho wa walinzi wale, nao ulikuwa katika Thistledown peke yake.

Sasa, ni ipi tarehe ya kweli ya anguko la kigae? Ukiuliza hadithi rasmi, jibu ni fupi: kilivunjwa, Bael'Zharon akatoka. Ukiuliza watu wa seva nyingine, wengine watajivuna kwamba walikivunja wao. Ukiuliza watu wa Thistledown, utasikia habari za kuzingirwa, na za kushindwa kusikokuwa na aibu. Wanafunzi wa historia ya pwani hawatashangaa. Tarehe ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili, kwa Kiarabu katika hati iliyoko London, na kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Orodha za masultani katika hizo mbili hazipatani, wala hatujapata faida kwa kuitupa mojawapo. Tofauti ni kwamba katika Kilwa twashuku kuwa mmoja wa waandishi alikosea au alipendelea. Katika Dereth wote waweza kusema kweli, kwa kuwa tukio moja lilitokea mara kadhaa, na kila mara kwa namna yake.

Mwaka 2003 Turbine ilichukua mchezo wote kutoka kwa Microsoft, na mwaka 2014 ikatangaza nia ya kuwapa wachezaji programu ya seva ili wajiendeshee wenyewe. Nia hiyo haikutimia. Mwezi wa Desemba mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mchezo utafungwa, na ukafungwa tarehe 31 Januari 2017. Zilibaki wiki chache tu za kufanya kazi.

Namna walivyozitumia wiki hizo yastahili kuelezwa. Sura ya ardhi, majengo na mapango ilikuwa imehifadhiwa katika kompyuta ya kila mchezaji. Hiyo haikuhitaji kuokolewa. Lakini viumbe, mali zao, maneno yao, na amri za kila kazi aliyopewa shujaa vilikaa katika seva za kampuni, navyo vilipita kwenda nyumbani kwa mchezaji kwa vipande, pale tu alipovikaribia. Basi wachezaji walitembea nchi nzima, wakaingia kila pango na kusema na kila mkazi, huku programu nyingine ikinakili kila ujumbe uliopita baina ya seva na nyumba zao. Walikuwa kama watu wanaopima nyumba kabla ya bahari kuimeza. Kwa nakala hizo, na kwa kazi ndefu ya kubahatisha mahali palipokosekana, waliandika programu mpya za seva, mojawapo ikiitwa ACEmulator, na Dereth ikatembelewa tena.

Lakini Dereth ipi? Nakala zile zilichukuliwa katika wiki za mwisho, na kwa hiyo nchi iliyofufuliwa ni ile ya Januari 2017. Miaka zaidi ya kumi na sita ilikuwa imepita tangu zamu za ulinzi wa kigae. Mhariri wa hati za kale anaujua uzito wa jambo hili: aliyeshika nakala ya mwisho hakushika nakala ya asili, na usafi wake hauondoi kasoro hiyo. Mgeni anayeingia Dereth ya leo anaweza kuipanda milima yote ya Thistledown bila kukutana na mlinzi hata mmoja. Wale hawakuwa sehemu ya programu, na programu haikuweza kuwarudisha.

Vyuo navyo vimelitazama jambo hili. Huko Marekani, vyuo vikuu vya Stanford, Maryland na Illinois, pamoja na taasisi ya Rochester, vilishirikiana katika utafiti wa kuhifadhi dunia za namna hii kwa fedha za Maktaba ya Bunge, na ripoti yao ikatoka mwaka 2010. Henry Lowood wa Stanford alishikilia katika maandishi yake kwamba dunia ya mchezo yaweza kuhifadhiwa kwa ukamilifu wa programu na bado ikawa tupu. Mchezo wa EA-Land ulipofungwa tarehe 1 Agosti 2008, saa zake za mwisho zilirekodiwa, na katika rekodi hizo tunachokiona ni watu wakiagana. Sheria nayo ililegezwa mwaka 2018, hata maktaba na majumba ya makumbusho ya Marekani yakaruhusiwa kuzifufua seva za michezo iliyoachwa, mradi wawe wamezipata programu zake kwa njia ya halali. Ruhusa hiyo ni njema, ila inagusa mashine, mashahidi haiwagusi.

Nao mashahidi wapo. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 2000, akasimama zamu usiku mbele ya Kigae cha Mpiga Mbiu, sasa amepita arobaini. Bado aweza kuulizwa jinsi zamu zilivyogawanywa. Ni nani aliyewaamsha wenzake kwa simu adui walipokaribia, kama waliamshwa. Walisemezana nini kuhusu wale wa upande wa pili, ambao kesho yake waliwinda nao pamoja. Na walipowaona wenye mchezo wakishuka kwa nguvu zisizo na mfano, kama walijua tangu hapo kwamba hawawezi kushinda, na kwa nini basi hawakuondoka.