Kobalti ya Panda na meno ya dunia

Mwaka 1938, katika mji wa Boston, Marekani, daktari Alvin Strock alifunga skrubu ndogo ya metali ndani ya taya la mgonjwa, pale jino lilipokuwa limeng'oka, kisha akaivisha jino la bandia. Ilishika. Mgonjwa alifariki mwaka 1955 skrubu ikiwa bado mdomoni mwake. Wanaoandika historia ya vipandikizi vya meno humtaja Strock, hukitaja Chuo Kikuu cha Harvard, hulitaja na jina la biashara la metali ile, Vitallium. Wakifika hapo hunyamaza, kana kwamba metali hushuka na mvua.

Zaidi ya nusu ya uzito wa Vitallium ni kobalti. Kinachobaki karibu chote ni kromi, na molibdeni kidogo. Na kobalti ya miaka ile ilikuwa habari ya ukanda wetu wa shaba. Kanada ndiyo iliyokuwa ikiongoza hadi miaka ya 1920, kisha Katanga, huku kwetu Kongo, ikaipiku, na muda si mrefu jirani yetu Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, naye akaingia sokoni. Ya Katanga ilipikwa Panda, hapa Likasi, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot wa Union Minière du Haut-Katanga. Tanuri za umeme za Panda ziliyeyusha mawe yenye shaba na kobalti hadi ikapatikana aloi ngumu iliyochanganyika na chuma. Aloi hiyo ilipakiwa kwenye treni, ikavuka bahari, ikasafishwa Olen, Ubelgiji. Tangu mwaka 1930 Panda kulikuwa pia na umeme wa maporomoko ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira.

Metali ikishayeyushwa haina kabila, kwa hiyo sidai kwamba skrubu ya Strock ilikuwa mzawa wa Panda. Nadai jambo dogo zaidi: historia ya kurudisha jino lililopotea inasimuliwa kama mambo ya Boston na Uswidi, ilhali sura yake moja nzima imeandikwa kwa mali ya Likasi.

Kabla ya hapo watu walihangaika vya kutosha. Mwaka 1931 huko Honduras lilifukuliwa taya la mtu wa jamii ya Wamaya, la miaka ya 600 hivi, lenye vipande vitatu vya kombe vilivyochongwa mfano wa meno na kupachikwa mahali pa meno ya mbele ya chini. Mtaalamu wa Brazil, Amadeo Bobbio, alipolipiga eksirei mwaka 1970 aliona mfupa umeota kuzunguka baadhi ya vipande. Maana yake vilipachikwa mtu akiwa hai. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na njia ya aibu zaidi. Daktari John Hunter aliieneza desturi ya kung'oa jino la maskini, kwa malipo kidogo, na kulichomeka papo hapo kwenye taya la tajiri. Mengi yalilegea na kuanguka, na mengine yalihamisha magonjwa. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, meno ya wanajeshi waliokufa yaling'olewa yakauzwa kwa watengenezaji wa meno ya bandia. Vijana wazima wenye meno mazuri: biashara haikuona haya.

Lakini si kila jamii iliona pengo kuwa hasara. Watonga wa kusini mwa Zambia waling'oa meno ya mbele ya juu kwa hiari, na Wajaluo wa Kenya waling'oa sita ya chini. Kwao pengo lilikuwa kitambulisho cha mtu mzima, na fundi wa kuliziba angekosa mteja.

Tatizo la metali lilikuwa mwili wenyewe. Chuma hupata kutu mdomoni, na metali mbili tofauti zikikutana kwenye mate au damu huzaa mkondo mdogo wa umeme unaochoma nyama. Mmarekani Elwood Haynes alikuwa amekwisha kupata hataza ya aloi ya kobalti na kromi mwaka 1907, akitafuta visu na vyombo vya kukatia visivyolika. Miaka ya 1930 aina yake mpya, Vitallium, iliingia kwenye maabara za meno. Kisha madaktari wawili wa Texas, Venable na Stuck, wakajaribu metali mbalimbali ndani ya mifupa ya mbwa na kuona kwamba hii karibu haisumbui. Strock alifuata dokezo hilo. Baada ya vita vya pili vya dunia wengine waliunda fremu nzima za Vitallium, zikalazwa juu ya mfupa wa taya chini ya ufizi, vishikizo vikichomoza nje kubeba meno.

Lakini umaarufu mkubwa wa kobalti mdomoni ni wa kitu cha kawaida zaidi: sahani ya meno ya kuvaa na kuvua. Fundi huchonga kwanza umbo lake kwa nta, kila kulabu itakayoshika jino lililobaki ikiwa mahali pake. Hulifunika umbo hilo kwa udongo usioogopa moto, huliweka tanurini mpaka nta iishe kabisa, halafu humimina aloi iliyoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,300 kwenye nafasi iliyoachwa. Kinachotoka ni cheusi na cha kukwaruza. Kikipigwa msasa na kung'arishwa huwa chembamba kama ganda la yai na bado hakipindi. Dhahabu ya unene ule ingelegea. Mtu huivaa sahani hiyo miaka mingi, akila nayo ugali kila siku, bila kujua kwamba kaakaa lake limefunikwa na metali ya mashimo ya shaba.

Si kobalti peke yake. Kilomita chache kutoka Likasi kuna Shinkolobwe, ambako Robert Sharp aligundua madini ya urani mwaka 1915. Dunia hukumbuka Shinkolobwe kwa bomu la Hiroshima, na ni haki. Ila urani ilikuwa na kazi nyingine ya siri. Jino la asili likimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno hung'aa kidogo, weupe wa kibuluu. Jino la kauri halikung'aa, na kwenye kumbi za dansi zenye taa hizo mwenye meno ya bandia alionekana kama ana mapengo. Watengenezaji wakatia chembe za urani ndani ya kauri. Marekani iliruhusu hadi asilimia 0.05 ya uzito, na desturi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1980, hadi madini mengine yasiyo na mnururisho yalipochukua nafasi. Watu walilala na urani kinywani kwa sababu ya taa za dansi! Kati ya mambo yote yaliyofanywa kwa mali za ardhi hii, hili ndilo linalonichekesha na kunikasirisha kwa pamoja.

Kilichoishinda kobalti ndani ya mfupa ni titani, na ushindi huo ulikuja kwa bahati. Mwaka 1952 Mswidi Per-Ingvar Brånemark alipachika vyombo vya titani kwenye miguu ya sungura ili achunguze damu inavyopita. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umevishika. Kwenye kobalti, mwili mara nyingi hujenga utando laini kati ya metali na mfupa. Titani huvaa ngozi yake nyembamba ya oksidi, na mfupa huikubali na kuikumbatia moja kwa moja. Mwaka 1965 Gösta Larsson, aliyezaliwa na taya lenye kasoro, akawa mtu wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya Brånemark. Alifariki mwaka 2006, vikiwa bado vinafanya kazi. Mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndio uliowashawishi madaktari wa Amerika. Tangu hapo utaratibu ni uleule: skrubu ya titani huingizwa mfupani, husubiriwa miezi kadhaa ili ishikwe, kisha huvikwa taji. Kobalti ilirudi kwenye sahani, ambako ipo hadi leo.

Na katika Katanga huwezi kusema habari za meno ukampita Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Siku chache baadaye Mbelgiji Gerard Soete, afisa wa polisi, aliifukua miili na kuiyeyusha kwa asidi ya salfuriki, ambayo kwa mujibu wa utafiti wa Ludo De Witte ilitoka Union Minière. Soete aliondoka na meno. Jino moja lililovikwa dhahabu ndilo lililokabidhiwa kwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, likazungushwa nchini, likafika na Shilatembo alikouawa, kisha likazikwa Kinshasa. Kampuni ile iliyoipa dunia metali ya kujengea meno ndiyo inayotajwa kutoa asidi ya kumfuta mtu, na kazi ya fundi wa meno asiyejulikana ndiyo iliyobaki kumshuhudia.

Wafanyakazi wa Likasi walipata nini? Union Minière ilijenga makambi na hospitali, Panda ikiwemo, kwa sababu mfanyakazi mgonjwa hachimbi. Kampuni ya serikali, Gécamines, ikarithi. Kisha ikaja mwaka 1990, mgodi wa Kamoto ukaporomoka na kampuni ikaufuata. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na haki ya kutibiwa na kampuni ikaondoka nao. Leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Afrika ina madaktari wa meno, kwa kila kundi la watu, takriban sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Mtu aliyeng'olewa jino Likasi kwa kawaida hubaki na nafasi wazi, au akiwa na uwezo hutafuta meno ya kuvaa. Kipandikizi cha titani kwa wengi ni habari ya kusikia.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa wasomaji wa hapa. Union Minière iliuachia mji makumbusho ya madini, Sengier-Cousin, na watu huenda kwenye makumbusho kuangalia mawe. Mawe hayatoshi. Kama babu au bibi yenu aliacha sahani ya meno ya metali, msiitupe wala kuiuza kama chuma chakavu. Andikeni kwenye karatasi aliyeivaa, hospitali iliyomtengenezea na mwaka, mkaihifadhi pamoja nayo. Wenye makumbusho nao waipe nafasi kando ya jiwe la kobalti, ili mtoto wa shule wa Likasi aone vyote viwili kwa mara moja.